Fungu la Mtumbwi

Nina tabia ya kuuliza, na watu huisifu mpaka siku inapowafikia wao. Chuoni ilinipa alama nzuri. Nyumbani Kibiti ilinipa sifa ya ubishi: mama akisema mvua itanyesha, nauliza amejuaje, ikinyesha, nauliza kama si bahati tu. Kwa hiyo nikisema kwamba kuna siku, katika shule moja ya msingi upande wa Mbwera, swali fupi lilitakiwa kuulizwa, mtu akaniomba kabisa niliulize, nami nikakataa, wanaonijua wanadhani natia chumvi.

Nilikuwa nimepata mkataba mfupi na ofisi moja ya mradi wa elimu. Walitaka mchezo wa mezani wa kufundishia kugawanya, wa darasa la nne, usiohitaji umeme wala simu. Nina shahada ya ualimu wa hisabati, ingawa sijawahi kukaa na darasa moja mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kutunga kanuni za mchezo, kuujaribu kwa watoto na kuandika ripoti. Tulikuwa watatu. Wa pili alikuwa mchoraji, Mndengereko wa Kibiti, fundi wa kuandika mabango ya maduka na kuchora tai kwenye mabodi ya malori. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule hiyo ya Mbwera, mwanamke wa Tabora. Alipopangiwa Delta, kwenye visiwa vya mikoko, mara ya kwanza alilia kwenye boti kuanzia Nyamisati mpaka kisiwani. Wenzake aliofika nao walihama mmoja mmoja. Yeye alibaki.

Mchezo aliuomba yeye. Aliandika barua kwa mkono, kurasa mbili, ikapita ofisi baada ya ofisi mpaka ikafika kwa watu wa mradi. Alieleza kwamba kila mgeni anayekuja darasani kwake huwa ameshalihukumu darasa kabla hajashuka kwenye boti: watoto wa Delta wanajua kuvua na kukata mikoko, hesabu haziwaingii. Alisema watoto wenyewe wameanza kuyarudia maneno hayo. Ukimuuliza mtoto swali anakujibu, mwalimu, sisi hesabu hatuwezi, kama anavyoweza kukwambia sisi ni Waislamu au sisi tunatoka kitongoji fulani. Alichotaka ni kwamba mchezo ujaribiwe kwa watoto wake, ukae kwao, na upimaji wa darasa la nne utakapofika waingie kwenye chumba cha mtihani wakiamini kuwa vichwa vyao ni vizima. Hakuomba kingine. Barua ile niliisoma mara moja, nikasema imeandikwa vizuri.

Wakati wa likizo mwalimu alikuja Kibiti, tukafanya kazi wiki mbili kwenye kibanda cha mchoraji, katikati ya makopo ya rangi. Zilikuwa siku nzuri, na sasa ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu zinaonyesha kwamba tuliweza kuwa timu. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za babu zao, kwa hiyo wale wawili hawakupumzika.

"Mtani," mchoraji alikuwa akisema, brashi mdomoni, "samaki wewe umemjulia wapi? Kwenu Tabora mnakula karanga na asali kama nyuki."

"Na nyie mnakaa mlangoni mnangoja samaki aje apige hodi."

"Akipiga hodi tunamkaribisha. Sisi wastaarabu. Nyie mngemtwisha mzigo kichwani."

Kisha wote wawili walinigeukia mimi, kwa sababu kila walipokubaliana jambo mimi nililipinga. Nikisikia watoto wanapenda kushindana, nauliza nani kasema. Nikisikia watoto hawapendi kushindana, nauliza nani kasema. Mchoraji aliizoea. Alikuwa akichora mstari ananitazama: "Haya, msomi, uliza nani kasema mstari huu unyooke."

Mwalimu alipendekeza wachezaji wanne wakae chombo kimoja, washinde pamoja au washindwe pamoja, kwa sababu ukimwacha mtoto ashindwe peke yake mbele ya wenzake hatarudi mezani. Nilibisha siku mbili, nikakubali. Alipendekeza pia kila kundi lipewe bakuli la kokwa za ubuyu, wagawanye kwa mikono kabla ya kusema jibu. Hilo nililikataa moja kwa moja. Kokwa zitapotea, nikasema, mchezo utakuwa mrefu, na kazi yetu ni kuzoeza kichwa, si vidole.

"Kichwa cha mtoto huanzia vidoleni, mdogo wangu," alisema.

"Nani kasema?"

Alicheka, akaacha. Alikuwa na namna ya kuacha jambo bila kukubaliana nalo. Wakati ule nilidhani nimeshinda.

Tulijaribu mchezo mara ya kwanza katika shule moja ya hapo Kibiti, ukiwa bado umechorwa kwa kalamu kwenye boksi la sabuni, na vifuniko vya soda kuwa magari ya wachezaji. Kadi zilihusu machungwa, maana Kibiti machungwa yamejaa: machungwa ishirini na nne, watoto wanne, kila mmoja anapata mangapi? Watoto walijibu sita bila shida. Tulifurahi. Mwalimu akaomba tubadilishe machungwa yawe samaki na gari liwe mtumbwi, ili watoto wake waone kitu cha kwao. Ombi hilo nililikubali upesi kwa sababu halikunigharimu. Nilifuta chungwa nikaandika samaki, nikidhani nimebadilisha picha tu.

Mchoraji alimwaga ufundi wake wote. Alichora mkondo wa maji unaozunguka ubao mzima, mikoko pande zote mbili na mizizi yake juu, viraka vya tope, na mwisho wake gati ndogo yenye watu wanaongoja. Mtumbwi wenyewe aliuchonga kwa kipande cha mti, urefu wa kidole, na ndani yake akaweka wavu mdogo wa uzi wa kushonea. Mwalimu aliushika akautazama muda mrefu. Alisema, "Watoto wangu watagombania hiki." Kanuni zilikuwa rahisi. Mnarusha dadu, mnasogeza mtumbwi, mnaokota kadi, mnakubaliana jibu na kulisema kwa sauti, kisha mnageuza kadi kuona. Mkipata, mtumbwi unasonga mbele. Mkikosa, unarudi nyuma kwenye tope. Lengo ni kufika gatini kabla kadi hazijaisha.

Kuna kanuni nyingine ambayo haikuwa ya watoto. Nilikuwa nimejifunza kwenye video za mtandaoni kwamba wakati wa majaribio mtengenezaji wa mchezo lazima anyamaze. Asieleze, asisaidie, asitingishe kichwa, kwa sababu mchezo ukishapelekwa shule za mbali yeye hatakuwepo kuutetea. Ni kanuni nzuri na bado naiamini. Niliwasomea wenzangu, wakaikubali. Niligawa na kazi: mimi nitaandika majibu, mwalimu atakaa pembeni, mchoraji atashughulikia rangi na kubandua kadi zilizogandana. Mchoraji aliuliza kama na yeye aangalie watoto wanavyocheza. Nikamwambia hapana, rangi zinatosha, macho mengi yatawatisha.

Tulikwenda na boti kutoka Nyamisati asubuhi, maji yakiwa yanajaa. Nahodha alitwambia mapema kwamba saa nane lazima tuwe tumeondoka. Baada ya hapo mkondo wa kuingilia kisiwani unabaki tope tupu, na boti italala hapo mpaka kesho.

Watoto walikuwa wametungoja. Madawati manne yalikuwa yameunganishwa kuwa meza, na juu yake kitambaa cha mtu fulani cha nyumbani, cha maua. Walitupa shikamoo kwa pamoja, sauti ikagonga bati. Kundi la kwanza lilikuwa wavulana wawili na wasichana wawili. Mmoja wa wasichana ndiye aliyekuwa nahodha tangu dadu la kwanza, wala hakuna aliyemchagua. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu mzima, na alipoushika mtumbwi aliupuliza kwanza, kama anatoa maji yaliyoingia.

Waliokota kadi. *Mmerudi na samaki 24. Mko wanne. Kila mmoja anapata wangapi?*

Walinong'onezana. Mvulana mmoja alihesabu hewani kwa kidole. Msichana akawatazama wenzake, wakaitikia, akasema wazi, "Wanne."

Wakageuza kadi. Nyuma iliandikwa sita.

Niliandika alama ya kosa. Msichana aliisoma ile sita mara mbili, kisha akarudisha mtumbwi kwenye tope kwa uangalifu, kama kanuni inavyosema. Wakarusha tena. Samaki kumi na wawili. "Wawili," walisema. Nyuma ya kadi, tatu. Kosa. Samaki thelathini na sita. Walikaa muda mrefu zaidi, wakabishana kwa Kindengereko, na niliona kwamba wanafanya kazi kweli, hawabahatishi. "Sita." Nyuma ya kadi, tisa. Kosa. Mtumbwi ulikuwa umerudi mpaka karibu na pale ulipoanzia.

Mwalimu aliinuka. Alikuwa amefungua mdomo kumuuliza kitu msichana. Niliweka kidole midomoni mwangu. Alinitazama. Nikaonyesha karatasi ya kanuni iliyokuwa mezani, mstari wa kwanza, ule wa kunyamaza. Akakaa.

Kundi la pili likaja, la tatu likaja, na majibu yakawa yale yale. Mwisho tukalirudisha kundi la kwanza limalizie kadi zilizobaki. Sasa msichana alibadilika. Hakunong'onezana na wenzake tena. Aliokota kadi, akaigeuza chini chini kwa kidole gumba, akasoma, halafu akasema jibu. Tano. Saba. Nane. Mtumbwi ukaenda mbele hatua kwa hatua mpaka gatini, na hakuna aliyeshangilia. Niliandika pembeni ya karatasi: *wanaangalia majibu.*

Watoto walipotoka kwenda kunywa uji, mwalimu alikaa mbele yangu.

"Mdogo wangu, nisikilize. Mtoto akikosa hesabu, anakosa kivyake. Huyu atasema saba, yule kumi, mwingine ataangalia dari. Mimi nasahihisha madaftari kila siku, nawajua kwa makosa yao. Hawa leo wamekosa pamoja. Makundi matatu, kosa moja. Hilo si kosa."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka tuwaulize. Kesho asubuhi. Tuwakalishe tuwaulize tu, mmepataje."

"Tukiwauliza tunaharibu jaribio."

"Jaribio limeshaisha. Nawaulizia watoto."

Nilitazama saa. Nilimwambia kwamba nawasilisha ripoti Kibiti keshokutwa, kwamba maji hayatungoji, kwamba inawezekana walifundishana makosa mmoja kwa mwingine, jambo linalotokea sana. Nilisema *inawezekana* kwa ule utulivu tunaofundishwa chuoni, unaofanya dhana isikike kama utafiti.

"Lala," alisema. "Kitanda kipo kwa mwalimu mwenzangu. Kesho maji ya mchana yanakutoa, keshokutwa uko Kibiti na nguo safi."

Mchoraji aliingia akasikia. "Tulale, mwanetu. Tule kambamiti. Ripoti ina miguu?"

Kwa kweli ningeweza kulala. Nimezigeuza sababu zangu za siku ile mara nyingi, na hakuna hata moja iliyosimama. Sikuwa na mgonjwa wala safari nyingine. Nilikuwa nimechoka na tope, nilitaka mtandao, nilitaka kuandika wakati bado nina uhakika. Nilimwambia mwalimu tutawasiliana.

Alitusindikiza mpaka kwenye boti. Alisema maneno ambayo nahodha pia aliyasikia: "Hicho unachokwenda kuandika, kitasomwa na watu wanaowasimamia hawa watoto. Andika kwamba hatujamaliza. Hilo tu."

Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba shule ya barabarani, ile ya Kibiti, imefaulu mchezo na shule ya Delta imeshindwa, kwamba wanafunzi wa Delta hawana msingi wa kugawanya, na kwamba baadhi yao waliangalia majibu. Niliweka jedwali. Kila kilichokuwemo niliweza kukithibitisha kwa karatasi.

Asubuhi ya kuwasilisha, simu ilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu, wa dakika saba. Kisiwani kwake mtandao haushiki, kwa hiyo najua kwamba alipanda mtumbwi mpaka sehemu unaposhika ili autume. Niliuona ukumbini, watu wakiwa wanakaa. Nilidhani ni lawama. Niligeuza simu ikalala kifudifudi mezani.

Ukumbini walikuwepo watu wa mradi na maofisa wawili watatu wa elimu. Nilipofika kwenye jedwali, mmoja wao alicheka kwa upole na kusema, "Hili si jipya. Huko sisi tumeshasema, wale wape nyavu." Wengine wakacheka naye. Hakuwa mtu mbaya. Baadaye alinisifu kwa kazi safi. Nilitabasamu. Nimejaribu kukumbuka kama lilikuwa tabasamu la adabu au la kukubali, na sijui. Uamuzi ulichukua dakika chache. Majaribio yaendelee kwenye shule za barabarani, ambako watoto wana msingi, na Delta isubiri. Ubao wa mchoraji ulikuwa mmoja tu, nao ukapelekwa shule ya mjini siku ile ile.

Mimi na mchoraji tulikwenda kula chipsi mayai karibu na stendi. Hapo ndipo nilipofungua ujumbe, simu ikiwa katikati ya sahani mbili.

Haukuwa lawama. Mwalimu alikuwa amekaa na wale watoto baada ya sisi kuondoka, akawapa bakuli la kokwa za ubuyu, na kuwaambia wagawanye wakiwa wanasema. Alikuwa amewasha simu akarekodi. Kokwa zilisikika zikidondoka kwenye dawati, kisha sauti yake.

"Kokwa ishirini na nne. Mko wanne. Mbona umeweka mafungu sita?"

"Hili la mtumbwi, mwalimu," ilisema sauti ya yule msichana. "Na hili la nyavu."

"Mtumbwi una fungu?"

"Mtumbwi nao unakula!"

Watoto wakacheka, kicheko cha watu wanaomcheka mgeni waliyemzoea. "Unakula nini?" mwalimu aliuliza, na yeye akicheka.

"Si unatobokaga? Si unazibwa kwa kalafati? Mwalimu, mkiunyima fungu, kesho mtakwenda kuvua na nini?"

"Na nyavu?"

"Nyavu zina mwenyewe. Hata akiwa kalala nyumbani anapelekewa."

Baada ya hapo mwalimu alizungumza na mimi, taratibu, pengine akiwa amesimama ndani ya mtumbwi wa watu. "Umesikia, mdogo wangu. Hawajakosa hata moja. Wamegawa kwa sita zote, kwa kichwa, bila kokwa. Kugawa kwa sita ni kugumu kuliko kugawa kwa nne. Naomba uwasomee hao wakubwa jambo hili kabla hawajaamua."

Mchoraji alikuwa ameacha kutafuna.

"We," alisema. "Ndiyo majibu waliyokuwa wanasema hayo? Kumi na mbili wanasema mbili?"

"Ndiyo."

"Si wametoa la mtumbwi na la nyavu! Hilo hata mimi ningekwambia. Wajomba zangu wote wavuvi."

"Mbona hukusema?"

Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazama ukuta unaovuja kabla ya kuupaka rangi. "Ulinipa kazi gani pale, msomi? Rangi."

Kibiti ni mji wa barabara. Nimezaliwa hapo na kukulia hapo, na samaki wa Delta nimewala maisha yangu yote, lakini sisi wanatufikia wakiwa wameshagawanywa. Nisingejua fungu la mtumbwi, na mwalimu wa Tabora naye hakulijua. Kutojua hakunisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba majibu yalikuwa mbele yangu, nne, mbili na sita, na mtu yeyote aliyesoma hisabati angeweza kuyatazama akaona kwamba ni ishirini na nne, kumi na mbili na thelathini na sita zikigawanywa kwa sita. Niliyaona ni makosa kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kuona makosa. Mimi ninayeuliza nani kasema, kadi niliyoiandika mwenyewe iliposema sita, sikuuliza.

Nilimpigia kiongozi wa mradi siku ile. Alinisikiliza, akasema inavutia sana, niandike maelezo mafupi yaambatanishwe. Niliandika nusu ukurasa. Nilipouliza baada ya wiki, niliambiwa imepokelewa. Ningeweza kwenda kukaa kwenye viti vya ofisi ile mpaka wachoke na mimi. Ubishi huo ninao, nimeshautumia kwa mambo ya kipuuzi kabisa. Lakini kubishana na ripoti yenye jina langu kulinitia aibu, na aibu ilikuwa na nguvu kuliko ubishi. Nikangoja. Upimaji wa darasa la nne ukafika, ukapita.

Nilirudi Mbwera baada ya hapo, peke yangu, na ubao mpya ambao mchoraji aliuchora bila kutaka chochote. Kadi zilikuwa zimeandikwa upya. *Mmerudi na samaki 24. Mko wanne, na mtumbwi, na nyavu.* Nyuma yake sasa iliandikwa nne. Mwalimu alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinipa maji ya kunawa, wali na kambamiti wa nazi, akaniuliza habari za mama yangu. Nilipomaliza kula niliomba msamaha, maneno niliyoyapanga kuanzia Nyamisati.

"Nimepokea," alisema. "Ila mimi mtu mzima, nitajisemea. Uliowakosea wako darasani."

"Upimaji umekuwaje?"

"Matokeo bado. Lakini wakati wanaingia niliwasikia mlangoni. Wanaambiana, sisi tuliletewa mchezo wa hesabu na watu wa Dar, ukatushinda." Alikusanya sahani. "Niliwaeleza wameshinda wao. Nimewaeleza mara ngapi. Wananiambia, lakini mwalimu, kadi ilisema."

Tuliingia darasani pamoja. Niliwaambia watoto ukweli kwa lugha rahisi: kwamba siku ile walikuwa sahihi wao, aliyekosa ni mimi, sikujua kwamba mtumbwi una fungu. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja alicheka niliposema sikujua, akajiziba mdomo. Kisha wakasema asante mwalimu, kwa pamoja, kama ambavyo wangenishukuru kwa lolote.

Yule msichana alikuwa dawati la tatu. Nilitaka aseme yeye. Nilidhani akisema jibu lake mbele ya wenzake nami nikalikubali, kitu kitarudi mahali pake. Nikamwomba asimame. Alisimama.

"Samaki ishirini na nne," nikasema. "Mko wanne. Na mtumbwi, na..."

"Sita," alisema, haraka, kabla sijafika kwenye nyavu.

Darasa lilimpigia makofi. Mwalimu hakupiga. Alikuwa amegeuka kutazama dirishani.

Hapo ndipo nilipouliza, miezi ikiwa imepita, lile swali lililotakiwa.

"Umepataje?"

Alinitazama kwa mshangao kidogo, akijaribu kuelewa ni jibu gani jingine ninalolitaka. Hakuwa na hofu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa mtoto msikivu anayemsaidia mgeni.

"Imeandikwa nyuma ya kadi, mwalimu," alisema, akakaa.